Kinubi: jina moja, mambo manne

Mzee wa Kibera akisema wajukuu zake wanakijua Kinubi, hazungumzii muziki. Anataja lugha: krioli iliyozaliwa na Kiarabu cha Sudani, ikasafiri na askari wa karne ya 19 hadi Bombo nchini Uganda na Kibera jijini Nairobi. Hata jina Kibera limetoka humo, kwani kibra kwa Kinubi ni msitu. Mtazama nyota naye ana Kinubi chake, kundinyota dogo lenye Vega, nyota ya tano kwa mng'ao katika anga la usiku. Nuru yake husafiri miaka 25 hivi hadi kutufikia.

Kinachochanganya zaidi ni kinubi cha nyuzi, maana jina hilo tunalipa ala mbili za koo tofauti. Kuzitenganisha, tazama nyuzi zinakoishia. Katika kinubi hasa, kila uzi hutoka shingoni ukaingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha sauti. Ukiuchezesha, huuvuta na kuuachia uso wa kisanduku, nao ndio unaosukuma hewa. Nyatiti ya Wajaluo haiko hivyo. Ina mikono miwili na mti uliokingama juu, na nyuzi zake 8 hupita juu ya daraja zikiwa sambamba na ngozi. Obokano ya Wagusii na litungu ya Waluhya ni za ukoo huohuo, ambao wataalamu huuita lira. Kinubi cha Daudi katika Biblia, kinnor kwa Kiebrania, nacho kilikuwa lira, na hicho cha angani ambacho Wagiriki walisema ni cha Orfeo, kadhalika.

Kinubi kikubwa cha okestra, chenye nyuzi 47 na pedali 7, kinatokana na mfumo wa pedali aliousajili fundi wa ala Sébastien Érard mwaka 1810. Ni mtambo wa ajabu. Lakini kinubi kinachostahili kujulikana zaidi na majirani zake kiko Buganda, nacho ni ennanga.

Shingo ya ennanga imepinda kama upinde. Kisanduku chake ni cha mti, kimewambwa ngozi, na nyuzi 8 hufungwa kwenye ufito uliofichwa chini ya ngozi hiyo. Shingoni, karibu na vigingi, kuna pete zilizovishwa ngozi ya kenge. Pete ikisogezwa mpaka uzi uiguse kidogo, sauti hupata mvumo wa kukwaruza. Sikio lililozoea piano litaona ni kasoro. Kwa mpigaji, ala isiyovuma haijakamilika.

Ennanga ilikuwa ala ya kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Jeshi la Uganda liliposhambulia kasri hilo, Lubiri, tarehe 24 Mei 1966, na falme zikafutwa mwaka uliofuata, wanamuziki wa kasri walitawanyika, na ala iliyofundishwa kwa mkono na sikio ikapoteza shule yake. Falme zilirudishwa mwaka 1993, ila wapigaji hawarudishwi kwa sheria.

Bahati nzuri, Temuteo Mukasa, bingwa wa ennanga, alirekodiwa katikati ya karne ya 20. Msikilize. Mikono yake miwili hucheza vifungu tofauti vinavyopishana, noti ya huu ikiangukia katikati ya noti za ule. Kwa kasi hiyo sikio huanza kuunganisha noti zilizo karibu kwa kimo, na baada ya muda utasikia wimbo wa tatu ambao hakuna mkono uliokuwa ukiucheza.