Simu ikigoma, mzazi asikimbilie kufuta

NI saa 12 asubuhi. Uji uko mezani, mtoto mmoja anatafuta soksi, gari la shule limekwisha kupiga honi kwenye kona, na simu ya mama inakataa kufungua waraka ambao mwalimu aliutuma usiku katika kundi la WhatsApp la wazazi. Kwenye kioo umejitokeza ujumbe mfupi: nafasi imejaa. Kwa haraka, mama anaingia kwenye picha, anachagua zaidi ya mia mbili za zamani na kuzifuta. Nafasi bado haijapatikana, hivyo anamwaga na kikapu cha taka. Waraka unafunguka. Jioni ndipo anapogundua kuwa miongoni mwa zilizokwenda zilikuwamo picha za mtoto wake wa mwisho alipozaliwa.

Mikasa ya namna hiyo ni ya kawaida katika nyumba za mijini, ambako simu janja imegeuka kuwa daftari la shule, albamu ya familia na pochi kwa wakati mmoja. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ada, nauli na matumizi ya nyumbani vimekuwa vikipita humo humo. Simu inapogoma, si mazungumzo tu yanayokatika, bali shughuli za nyumba nzima husimama.

Hata hivyo, kero nyingi za simu hazitokani na ubovu wa chombo chenyewe. Hutokana na mipangilio ambayo iliachwa kama ilivyotoka dukani. Na hasara kubwa zaidi mara nyingi haiji na kero hiyo, bali huja na haraka ya kuiondoa. Kwa mzazi mwenye shughuli nyingi, kanuni ya kushika ni moja: kabla ya kufuta chochote, ahakikishe kuwa nakala yake ipo mahali pengine, na kwamba ufunguo wa kuirudia anao.

Nafasi inapojaa

Simu yenye uwezo wa gigabaiti 32 haimpi mwenyewe gigabaiti zote hizo. Sehemu yake hukaliwa na mfumo endeshi pamoja na programu zilizokuja na simu. Kinachobaki hugawanywa kati ya picha, video na yale yanayoingia kupitia makundi ya wazazi, ya ukoo, ya kazini na ya mtaani. Video moja ya mahafali ikitumwa katika makundi matatu, simu huweza kubeba nakala zake zaidi ya moja.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kuanzia si picha za familia. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kusimamia hifadhi, ambayo huonyesha kila kundi na nafasi linayoichukua. Sehemu hiyo pia hutenga mafaili yanayozidi megabaiti 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Humo ndimo zilimojaa video za vichekesho, salamu za sikukuu na matangazo yaliyokwisha muda. Dakika kumi za kupitia orodha hiyo huweza kurudisha nafasi kubwa bila kugusa hata picha moja ya mtoto.

Jambo la pili ni kutofautisha vitufe viwili ambavyo hukaa jirani katika mipangilio ya kila programu kwenye simu za Android. Kimoja hufuta akiba ya muda, yaani vitu ambavyo programu imejiwekea ili ifanye kazi kwa wepesi. Hicho hakina madhara, kwani programu itaijenga akiba hiyo upya. Cha pili hufuta hifadhi yote ya programu. Anayekibonyeza huirudisha programu katika hali ya siku ilipowekwa: atatolewa kwenye akaunti, na yale ambayo hayakuwekewa nakala huweza kupotea. Wengi hukibonyeza cha pili wakidhani ni kile cha kwanza.

Picha zina njia zake

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye picha. Mzazi anayetumia Google Photos huweza kuamini kwamba, kwa kuwa picha zimekwisha kuhifadhiwa katika akaunti yake, anaweza kuzifuta kwenye simu bila wasiwasi. Sivyo. Picha iliyohifadhiwa ikifutwa ndani ya programu hiyo huondoka kwenye simu na kwenye akaunti pia. Hukaa katika kikapu cha taka kwa siku 60, na ile ambayo haikuhifadhiwa hukaa siku 30. Ndani ya muda huo inaweza kurudishwa. Lakini kikapu kikishamwagwa, kama alivyofanya mama wa asubuhi ile, njia ya kurudi huwa imefungwa.

Njia sahihi ni kutumia kipengele cha kupunguza nafasi kilichomo ndani ya programu hiyo, ambacho huondoa kwenye simu zile picha tu ambazo nakala zake zimethibitishwa kuwapo kwenye akaunti. Kwa wenye iPhone, hali inakaribiana: picha ikifutwa pale ambapo huduma ya picha za iCloud imewashwa, hutoweka katika vifaa vyote vya akaunti hiyo, na hukaa katika sehemu ya zilizofutwa karibuni kwa takriban siku 30.

Nafasi ya bure nayo ina mipaka. Google humpa kila mtumiaji gigabaiti 15, zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Tangu Juni 1, 2021, kila picha mpya inayopandishwa huhesabiwa humo, na tangu mwaka 2024 nakala za mazungumzo ya WhatsApp kwa watumiaji wa Android nazo zimeanza kuhesabiwa. Apple hutoa gigabaiti 5. Familia yenye picha za miaka kumi huzijaza upesi, na zikijaa, uhifadhi husimama. Onyo likija wakati wa pilikapilika, mzazi hulifunga akaendelea na mambo yake. Ni vyema kuangalia tarehe ya nakala ya mwisho mara moja kwa mwezi, na kuwa na nakala ya pili ya picha muhimu katika kompyuta au diski ya nje.

Kifurushi kinachoyeyuka

Kero nyingine ni ya kifurushi cha intaneti kununuliwa asubuhi na kwisha kabla ya adhuhuri. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu, ilhali sehemu ya matumizi hufanyika ndani ya simu yenyewe bila mwenyewe kujua. WhatsApp, kwa mpangilio wake wa awali, hupakua picha zenyewe hata pale simu inapotumia kifurushi. Duka la programu huweza kupakua matoleo mapya, na programu ya picha huweza kupandisha video ya mtoto akicheza mpira.

Tiba iko katika sehemu tatu. Kwanza, kuzima upakuaji wa moja kwa moja ndani ya WhatsApp, ili kila kitu kipakuliwe kwa kuguswa. Pili, kuamuru duka la programu na uhifadhi wa picha vifanye kazi kwa Wi-Fi pekee. Tatu, kuwasha kipengele cha kuokoa data, ambacho kimo katika simu za Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016, na ambacho huzizuia programu zisizotumika wakati huo kula kifurushi kwa siri.

Kuna tahadhari moja kwa wanandoa wanaogawana kifurushi. Simu ya mke inapounganishwa na ya mume ili ipate intaneti, huweza kuichukulia kama Wi-Fi ya kawaida na kuanza kupakua kila kilichokuwa kimesubiri. Hapo kifurushi cha wiki huweza kwisha kwa usiku mmoja. Katika mipangilio ya muunganisho huo kuna mahali pa kuueleza kuwa ni wenye ukomo, na simu ikishaelezwa hivyo, hujizuia.

Nywila, laini na namba ya zamani

Simu iliyojaa husumbua, lakini akaunti iliyofungwa hutia hasara. Wazazi wengi walifungua akaunti ya Google siku waliponunua simu ya kwanza, wakisaidiwa na muuzaji au kijana wa jirani, wala hawakuandika nywila popote. Akaunti hiyo huendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa, hadi simu inapoibiwa, inapovunjika au inapobadilishwa.

Wakati huo ndipo namba ya simu ya kurejesha akaunti inapokuwa na thamani. Lakini kama namba iliyoandikwa ni ya laini iliyoachwa zamani, msimbo wa uthibitisho utatumwa kusikojulikana, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake huweza kugawiwa mteja mwingine. Kuingia katika akaunti leo, wakati bado imefunguka, na kubadilisha namba hiyo ni kazi ya dakika tano. Kuifanya baada ya simu kupotea huweza kuwa haiwezekani kabisa. Nywila yenyewe iandikwe katika daftari linalotunzwa nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa, si katika ujumbe uliomo ndani ya simu ile ile.

Laini nayo ina kanuni zake. Ikiwa imewekewa namba ya siri, na mtoto akakosea kuibonyeza mara tatu, itadai namba ya PUK yenye tarakimu nane. Anayekisia namba hiyo akakosea mara kumi huiua laini moja kwa moja. Hakuna sababu ya kukisia: namba ya PUK huchapwa kwenye kadi iliyobeba laini iliponunuliwa, na mtoa huduma pia huitoa baada ya kumtambua mwenye laini.

Msimbo wa tarakimu sita unaotumwa na WhatsApp usitajwe kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mzazi mwenzake wa kundi la darasa. Anayeupata huichukua akaunti na kuanza kuwaomba fedha jamaa na marafiki kwa jina la mwenyewe. Kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, ambao huongeza namba ya siri ya mwenye akaunti, humzuia mwizi hata akiwa na msimbo huo.

Simu mikononi mwa mtoto

Hakuna mzazi ambaye hajawahi kumpa mtoto simu ili apate kumaliza kupika au kujibu barua ya kazini. Dakika kumi baadaye, bosi amepigiwa, kundi la shule limejaa alama zisizosomeka, na programu ya benki haionekani ilipokuwa. Dawa ipo na wachache huitumia. Simu za Android zina kipengele cha kubandika programu moja kwenye kioo, ili anayeishika asiweze kutoka bila namba ya siri. iPhone ina kipengele cha aina hiyo tangu mwaka 2012. Mtoto huangalia katuni yake, na mengine yote hubaki yamefungwa. Kwa mtoto mwenye simu yake, programu ya Google ya Family Link humwezesha mzazi kupanga saa za matumizi na kuidhinisha kila programu inayowekwa.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Yapo matatizo ambayo hayana budi kupelekwa kwa fundi, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Lakini kwanza simu izimwe na kuwashwa upya, kwani hatua hiyo huzifunga programu zilizokwama na huponya kasoro nyingi ndogo. Ikishindikana, nakala zihifadhiwe, laini na kadi ya kumbukumbu zitolewe, na namba za siri za fedha zisitajwe. Baadhi ya simu za Samsung na Pixel zina hali maalumu ya matengenezo, inayomwezesha fundi kuijaribu simu bila kuona picha na ujumbe wa mwenyewe.

Fundi akisema simu itarudishwa katika hali ya kiwandani, mzazi aulize swali moja: je, nywila ya akaunti anayo? Tangu Android toleo la 5.1 la mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa kwa njia ya nje ya mipangilio hudai akaunti iliyokuwamo kabla ya kufunguka. Asiyeikumbuka hurudi nyumbani na simu nzima isiyotumika, na picha zikiwa zimekwisha kwenda.

Kazi zote hizi hazihitaji mtaalamu. Zinahitaji nusu saa ya Jumapili alasiri, watoto wakiwa wamelala au wakicheza: kuthibitisha nakala, kusahihisha namba ya kurejesha akaunti, kuandika nywila katika daftari, kuzima upakuaji, kisha kusafisha makundi. Utaratibu uwe huo huo, kuhifadhi kukitangulia na kufuta kukija mwisho. Hapo asubuhi nafasi itakapojaa tena, na itajaa, mama ataweza kufuta kwa utulivu akijua ni kipi kinachoondoka, na mtoto atawahi gari la shule.