Kumkana Kiongozi ili Kushinda Kiti

Machi 2018, kusini-magharibi mwa Pennsylvania, Conor Lamb wa chama cha Democrat aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi katika eneo ambalo Donald Trump alikuwa amelizoa mwaka 2016 kwa pengo la karibu asilimia 20. Lamb aliwaambia wapiga kura waziwazi kwamba akienda Washington hatamuunga mkono Nancy Pelosi, kiongozi wa wabunge wa chama chake mwenyewe. Akashinda kwa kura zisizofika 1,000. Mwaka haukuwa umefika katikati, wagombea wengi wa Democrat katika maeneo magumu wakawa wanasema maneno hayohayo.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma anaweza kushangaa: kwa nini mpiga kura ajali nani atakuwa Spika, nafasi ambayo Pelosi angeipata chama chake kikishinda? Kwetu Spika anatarajiwa kuwa mwamuzi, walau kwenye kanuni. Marekani Spika ni mchezaji, tena nahodha. Ndiye anayeamua ni muswada upi ufike ukumbini na upi uozee kabatini, ana sauti kubwa katika kugawa nafasi za kamati, na ndiye mkusanyaji mkuu wa fedha za kampeni za wenzake. Ndiyo maana mwaka 2010 Republican waliendesha kampeni yao ya nchi nzima kwa kumshambulia Pelosi kama mtu. Waliongeza viti 63 na kumpokonya kiti cha Spika alichokuwa amekalia tangu 2007, akiwa mwanamke wa kwanza kukishika. Matangazo hayo hayakukoma. Mwaka 2017, katika uchaguzi mdogo wa Georgia, Jon Ossoff aliandamwa na uso wa Pelosi kwenye televisheni hadi siku aliyoshindwa.

Hofu ya matangazo ilikuwa nusu tu ya ugomvi wa Wademocrat kuhusu Pelosi. Nusu ya pili ilikuwa foleni isiyosogea. Pelosi, Steny Hoyer na Jim Clyburn, watatu wa juu katika chama, wote walikuwa wamekaribia miaka 80, na walikuwa wameshika ngazi hizo tatu kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mwaka 2016 Tim Ryan wa Ohio alijaribu kumng'oa Pelosi akapata kura 63 dhidi ya 134. Joe Crowley wa New York, aliyetajwa kama mrithi, aliangushwa Juni 2018 katika kura za mchujo na Alexandria Ocasio-Cortez. Waasi hawakuwa na mtu wa kumsimamisha. Na kiti hakigombewi na kinyongo. Lazima kiwe na jina.

Hapo ndipo utaratibu unapokuwa mtamu. Spika huchaguliwa mara mbili. Kwanza ni kikao cha ndani cha chama, kwa kura ya siri, na wingi wa kawaida unatosha. Kisha Januari ni ukumbini, mbele ya upande wa upinzani, ambako kila mbunge huitwa jina lake na kumtaja anayemtaka kwa sauti. Huko hakutoshi kuwashinda wengine: lazima mtu apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizotaja majina. Baraza lina viti 435, hivyo kila mtu akipiga kura, 218 ndiyo namba. Mbunge anayejibu kwamba yupo tu, bila kumtaja mtu, hupunguza kiwango kinachohitajika.

Pelosi alizijua hesabu hizi kuliko wapinzani wake. Hakuwakemea wagombea waliomkana. Alisema hadharani wafanye linalowabidi ili washinde. Wengine waliuita unyenyekevu. Mimi naona alikuwa anahesabu viti. Novemba 2018 chama kilifikisha wabunge 235, wengi wa wapya wakitoka katika maeneo yaleyale ambako kumkana kulisaidia. Kwa hiyo walioapa kumkataa ndio waliomletea akiba ya kura 17 alizoweza kuzipoteza. Kama wangeshinda wachache zaidi, kila mmoja wao angekuwa na bei.

Bado alilipa. Kwenye kura ya siri ya Novemba 28 alipata 203, na 32 wakampinga. Marcia Fudge wa Ohio, aliyefikiria kugombea, aliacha nia hiyo na kupewa uenyekiti wa kamati ndogo ya uchaguzi. Desemba Pelosi akakubali kutozidisha miaka minne katika uspika, na kundi la waasi likalegea. Januari 3, 2019 ukumbini, Wademocrat 15 hawakumpigia kura. Abigail Spanberger alimtaja Cheri Bustos, Lamb akamtaja Joe Kennedy. Ahadi zao zikatimia. Pelosi akapata 220 na kula kiapo siku hiyohiyo.

Kevin McCarthy wa Republican, alipogombea uspika baadaye, hakuwa na akiba hiyo. Januari 2023 alikuwa na wabunge 222, yaani angeweza kupoteza wanne tu, na waasi wake walizidi hapo mara kadhaa. Ilimchukua raundi 15, na katika mapatano akakubali mbunge mmoja peke yake aweze kuleta hoja ya kumwondoa. Oktoba 3 hoja hiyo ikapigiwa kura. Wanane wa chama chake waliungana na Wademocrat, na akaondolewa kwa kura 216 dhidi ya 210.