Kujidunga Vitamini Nyumbani: Mkono Unaweza, Lakini Dawa Inahitajika?

Ampuli ya vitamini B12 ni nyekundu. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba damu yake imepungua akiona kimiminika kile chekundu kinavutwa ndani ya bomba la sindano, moyo wake hutulia, kwa kuwa anaamini damu inarudi. Wekundu huo hautokani na damu. Unatokana na kobalti, madini yaleyale yanayochimbwa Kolwezi, ambayo chembe yake moja hukaa katikati ya kila molekuli ya vitamini hiyo. Mchanganyiko wa vitamini B nao ni wa manjano. Saa chache baada ya kudungwa, mkojo hugeuka manjano ya kukolea na mtu husema dawa imefanya kazi. Manjano ile ni vitamini B2 iliyozidi, mwili unaitoa nje.

Nimeanza na rangi kwa sababu ndizo zinazowashawishi watu wengi, na kwa sababu ombi la kufundishwa kujidunga vitamini nyumbani linazidi kusikika Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo. Silidharau ombi hilo. Walikale ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 23,000, kubwa kuliko eneo lingine lolote la Kivu Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu. Masisi-kati iko kilomita zipatazo 80 tu kutoka Goma, lakini mvua ikinyesha au bunduki zikilia, kilomita hizo huwa safari ya siku nzima au hazipitiki kabisa. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, kisha Goma, na uwanja wa ndege uliokuwa ukileta dawa ukafungwa. Machi mwaka huohuo wakaingia Walikale-kati kwa wiki mbili hivi. Mtu anayeishi katika hali hiyo ana haki ya kutaka kujifunza kujihudumia mwenyewe.

Mkono wa mtu wa kawaida unaweza kujifunza kudunga. Nitaeleza jinsi hilo lilivyothibitika. Kabla ya hapo lazima tujue kama dawa yenyewe inahitaji sindano.

Vitamini B12 ya sindano ina wenyewe. Ni mtu ambaye tumbo lake halitengenezi tena kile kinachosaidia kuifyonza, au aliyekatwa sehemu ya tumbo au utumbo, au asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa miaka. Ni pia mgonjwa wa kisukari aliyemeza metformini kwa muda mrefu. Huyu wa mwisho namtilia mkazo, maana miguu yake ikianza kufa ganzi, kila mtu hulaumu kisukari, kumbe huenda B12 imepungua. Dalili nyingine ni ulimi unaouma na kuwa laini, kuyumba mtu anapotembea gizani, na usahaulifu. Aliyethibitishwa kuwa na upungufu huo hupewa sindano kadhaa za kuanzia, halafu hydroxocobalamin ya miligramu 1 kila baada ya miezi miwili au mitatu. Si kila wiki, wala si kila anapohisi uchovu. Ini la mtu mwenye afya huhifadhi B12 ya kutosha miaka kadhaa. Hata yule ambaye tumbo lake haliifyonzi vizuri, vidonge vya mikrogramu 1,000 kila siku mara nyingi vinamtosha, kwa sababu asilimia ndogo hupenya yenyewe kwenye utumbo.

Sasa mtazame mtu mchovu wa kawaida wa kwetu. Mama wa Rubaya aliyezaa watoto sita, mchimbaji wa Bisie anayeshinda shimoni, kijana wa Pinga anayekohoa tangu mwezi uliopita. Mama huyo huenda amepungukiwa madini ya chuma, na dawa yake ni vidonge vya chuma na asidi foliki vinavyotolewa kliniki ya wajawazito. Mchimbaji huenda ana minyoo ya safura, ambayo huingia kupitia ngozi ya miguu na kunyonya damu utumboni. Kidonge cha albendazoli humfaa kuliko ampuli kumi nyekundu. Walikale, ambako ni chini na kuna joto, malaria inayojirudia hula damu bila kelele. Na yule kijana anayekohoa anahitaji kupimwa makohozi. Nina hasira na jambo hili, nami sioni haya kulisema: mgonjwa wa kifua kikuu anayechomwa vitamini mwezi baada ya mwezi huwa ameuziwa muda, na muda huo ndio anaoutumia kuambukiza watoto wake.

Kisha kuna chakula. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa hutoa takriban mikrogramu 1, na Masisi ni nchi ya malisho, ya maziwa na ya jibini linalofika hadi Kinshasa. Sambaza wakavu wana B12, tena kwa wingi. Walikale ina mawese, na yale mekundu ambayo hayajachemshwa mpaka yakapauka yana malighafi ya vitamini A nyingi kuliko karibu chakula chochote tunachokula. Sombe na lengalenga zina foleti na chuma kiasi, mradi zisipikwe mpaka zikapoteza kila kitu. Najua kwamba ng'ombe wengi wameporwa na kwamba mkimbizi wa kambini hachagui chakula. Lakini fedha ya sindano tatu za vitamini, ikipelekwa sokoni, hulisha nyumba.

Kwa nini basi tunaipenda sindano hivi? Mtafiti Harriet Birungi alilichunguza jambo hili Busoga, mashariki mwa Uganda, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1998. Aliona kwamba familia nyingi zilikuwa na mabomba na sindano zao nyumbani, na zilimtafuta mtu wanayemfahamu azidunge. Haukuwa ujinga. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, watu walikuwa wameacha kuamini sindano za hospitali, na bomba lako mwenyewe lilikuwa bomba unalojua limepita wapi. Mantiki hiyo naiheshimu. Ila bomba la familia lililochemshwa kwenye sufuria, likapita kwa baba, mama na watoto, linaweza kuhamisha homa ya ini ndani ya nyumba bila mtu kushtuka.

Sisi Wakongo tuna sababu zaidi ya kuogopa sindano inayorudiwa. Mwaka 1976, Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza, hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, ilikuwa ikitoa mabomba matano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa nje. Yalisuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Miaka 42 baadaye, katika mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 hapa Kivu Kaskazini, watoto wengi wa Beni walipata Ebola kwenye vituo vidogo vya watu binafsi walikokwenda kutibiwa malaria, na sindano zisizo salama zilitajwa miongoni mwa sababu. Mlipuko huo ulifika mpaka Pinga, ukaua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2010 pekee sindano zisizo salama ziliwaambukiza watu hadi milioni 1.7 homa ya ini ya B, hadi 315,000 ile ya C, na hadi 33,800 virusi vya UKIMWI.

Kuna pia madhara yasiyohitaji kirusi chochote. Katika matako hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Sindano ikiugusa, hasa kwa mtoto mwembamba, mguu hulegea na sehemu ya mbele ya wayo haiinuki tena vizuri. Katika wilaya ya Kumi, Uganda, madaktari wameeleza kuhusu watoto wengi waliopooza mguu au waliokakamaa misuli ya matako baada ya sindano. Kwa hiyo anayejidunga asiguse tako lake, na asimruhusu jirani alidunge.

Turudi kwenye mkono unaoweza kujifunza. Mweso, katika eneo la Masisi, hospitali inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka imehudumia wagonjwa wa kisukari katikati ya vita, na tathmini ya huduma hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Anayetegemea insulini hana hiari. Hujidunga kila siku, nyumbani, shambani au porini anakokimbilia. Hutumia sindano fupi na nyembamba chini ya ngozi ya tumbo au paja, hubadilisha mahali kila siku ngozi isiote vinundu, na hujifunza neno moja kubwa kuliko yote: chakula kisipokuwepo, dozi ileile inaweza kumwangusha kwa kupungua sukari. Kuhusu kuhifadhi dawa bila friji, jawabu limetoka jirani. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab nchini Kenya, watafiti walionyesha mwaka 2021 kwamba insulini iliyofunguliwa hubaki na nguvu kwa wiki nne hata joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Milima ya Masisi ina baridi kuliko hapo.

Mfano wa pili ni Sayana Press, dawa ya uzazi wa mpango ya miligramu 104 ndani ya kifuko kidogo chenye sindano yake, ya kutumika mara moja kila miezi mitatu. Uganda iliruhusu wanawake kujidunga wenyewe mwaka 2017, Kinshasa nako majaribio yalifanyika, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa nchi zote. Mwanamke hufundishwa akifanya mazoezi kwenye kondomu iliyojazwa chumvi, ambayo ugumu wake unakaribia ule wa ngozi iliyofinywa. Hubonyeza kifuko polepole akihesabu mpaka saba. Muuguzi humtazama akijidunga mara ya kwanza, ndipo anarudi nyumbani na dozi zake. Huo ndio mfumo ninaoutaka kwa kila sindano ya nyumbani: ugonjwa uliothibitishwa, dawa iliyopangiwa tarehe, mwalimu anayetazama, na kifaa cha mara moja.

Kwa hiyo kama kweli umeandikiwa B12 na ukakubaliwa kujidunga, jambo hufanyika hivi. Dozi ya kwanza ichomwe kituoni, nawe ukae hapo nusu saa, kwa sababu mwili wowote unaweza kuikataa dawa ghafla. Midomo ikivimba, kifua kikibana au ukihisi kuzimia, hapo kuna adrenalini. Nyumbani hakuna. Vitamini B1 ya sindano inajulikana kwa kusababisha hali hiyo, na mchanganyiko wa vitamini B huwa nayo ndani. Huo mimi siufundishi mtu kujidunga nyumbani.

Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye vifundo. Soma jina na tarehe ya mwisho kwenye ampuli, uiinue kwenye mwanga uone kama kuna chembe zinazoelea. Kama zipo, au wekundu umegeuka kahawia, iache. Gonga shingo ya ampuli ili dawa yote ishuke, izungushie pamba, uivunje kuelekea mbali nawe. Vuta dawa, elekeza sindano juu, gonga bomba, toa hewa. Kaa kwenye kiti, usisimame, na uulegeze mguu. Ligawe paja sehemu tatu kutoka nyonga hadi goti. Mahali pako ni sehemu ya kati, upande wa nje. Pangusa kwa spiriti, na usubiri ikauke, maana spiriti mbichi ndiyo inayowasha. Ingiza sindano wima kwa mkono mmoja usiosita, sukuma dawa polepole, chomoa kwa mstari uleule, bonyeza pamba kavu. Safari ijayo tumia paja la pili. Maumivu kidogo ya siku moja ni ya kawaida. Uvimbe unaozidi kuwa moto siku ya tatu, au homa, ni jipu linaanza, na jipu ni la kituo cha afya.

Dawa ya kuaminika hutoka farmasi ya hospitali au kituo cha afya. Ile iliyoanikwa juani kwenye meza ya soko la Mubi huenda ilikuwa nzuri ilipotoka kiwandani, lakini jua limeshaifanyia kazi yake.

Na sindano uliyokwisha kuitumia, usiirudishie kifuniko kwa mikono miwili, usiitupe jalalani watoto wanakochezea, usimpe mtu hata akikuapia kwamba ataichemsha. Itumbukize papo hapo kwenye kibati cha maziwa ya unga au kidumu kigumu cha plastiki chenye mfuniko, ukiweke juu wasipofika watoto. Kikijaa robo tatu, kifunge na ukipeleke kituo cha afya kikateketezwe kwenye tanuru. Kama kituo chako hakina tanuru, mwulizeni mganga mkuu wa kanda yenu ya afya mbele ya kamati ya kijiji, na msiache kuuliza mpaka lijengwe.