Lawama kwa Vijana Kazini Si Jambo Jipya

Mwaka 2013, jalada la jarida la Time la Marekani liliwaita vijana wa wakati huo wavivu, wanaojipenda, na ambao bado wanaishi kwa wazazi wao. Lakini mwaka 1990 jarida hilohilo lilikuwa limewaandama vijana wengine: hawajui wanachotaka, hawana hamu ya kupanda vyeo. Baadhi ya hao wa 1990 leo ni mabosi, nao wanawalalamikia waajiriwa wapya.

Malalamiko haya hutoka wapi? Wanasaikolojia John Protzko na Jonathan Schooler walichapisha utafiti wao mwaka 2019. Waligundua kuwa mtu mzima huwakosoa vijana zaidi pale anapofanya vizuri yeye mwenyewe. Aliyesoma vitabu vingi huona vijana hawapendi kusoma. Anayethamini sana mamlaka huona vijana hawaheshimu wakubwa. Sababu mojawapo ni kumbukumbu: mtu hujitazama alivyo leo, kisha hudhani rika lake lote lilikuwa hivyo ujanani.

Je, vijana hawatulii kazini? Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani imewafuatilia kwa miongo kadhaa watu waliozaliwa kati ya 1957 na 1964. Karibu nusu ya kazi walizofanya tangu wakiwa na miaka 18 walizifanya kabla ya kufikisha 25. Kadiri umri ulivyosonga, walipunguza kuhamahama.

Mwaka 2020, jopo la Akademia za Kitaifa za Sayansi nchini humo liliwashauri waajiri wasiongoze wafanyakazi kwa kuwagawa kwa vizazi.