Ugonjwa wa Sukari: Je, Ni wa Watu wa Mjini Tu?



"Sisi huku hatuna sukari. Huo ni ugonjwa wa matajiri wa Nairobi." Maneno kama haya huenda umeyasikia Kutulo, kwenye barabara ya Wajir kwenda El Wak, watu wakinywa chai kibandani. Je, ni kweli? Hebu tuangalie pamoja.

Tunazungumzia kile kisukari kinachoanza polepole ukubwani. Chakula tunachokula hugeuka sukari, nayo husafiri katika damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, huifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli iwe nguvu. Mtu akinenepa tumboni na kazi ya mwili ikipungua, mlango huo huwa mgumu kufunguka. Basi sukari hubaki katika damu, na taratibu huharibu macho, figo na miguu.

Mahali mbalimbali, hesabu mbalimbali

Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopima Wajaluo, Wakamba na Wamaasai vijijini, pamoja na watu wa Nairobi. Vijijini wenye kisukari walikuwa kama 2 kati ya 100. Mjini walikuwa kama 12. Kumbe mji una neno lake! Lakini je, ni mji, au ni damu ya kabila?

Tuwatazame Wapima, kabila moja linaloishi nchi mbili. Taarifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba Wapima wa Arizona, Marekani, walikuwa na kisukari watu 38 kati ya 100. Ndugu zao wa milimani Mexico, waliolima kwa mikono na kula mazao yao, hawakufika 7. Ukoo ni mmoja, ila maisha ni tofauti.

Na Wasomali je? Wale waliohamia Minnesota, Marekani, walichunguzwa kwenye kliniki. Kisukari kilionekana kwa kama 12 kati ya 100, hali wagonjwa wengine wa hapo walikuwa kama 5. Kwa hivyo hakuna kabila lenye kinga. Kurithi kupo, lakini maisha yakibadilika ugonjwa hupata njia.

Maisha yamebadilika hata kwetu

Zamani familia ilifuata ngamia kutwa nzima na kuishi kwa maziwa. Ukame umemaliza mifugo ya wengi, nao wamehamia senta. Siku hizi ni wali, pasta, na chai yenye sukari tele, tena kutwa umekaa. Mji umetufuata mpaka kijijini.

Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulikuta kisukari kwa kama Wakenya wazima 2 kati ya 100. Lakini karibu 88 kati ya 100 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja. Ndiyo sababu "hatuna" mara nyingi maana yake ni "hatujapima". Na asiyepima huja kujua kidonda cha mguu kimeshaoza.

Kikundi chenu kifanye nini?

1. Jueni dalili: kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, kuchoka, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona. Wengine hawana dalili yoyote.
2. Mwenye miaka zaidi ya 40, mnene wa tumbo, mwenye ndugu mgonjwa, au mama aliyepata sukari akiwa mjamzito, aende akapimwe. Ni tone la damu la kidoleni tu.
3. Punguzeni sukari ya chai kwenye mikutano, kijiko kwa kijiko. Ulimi utazoea.
4. Aliye mgonjwa asiache dawa kwa sababu amepata nafuu. Aangalie nyayo zake kila jioni. Kabla ya kufunga Ramadhani, aongee na daktari au muuguzi mapema.

Maswali ya kujadili

Je, ni nani kati yetu amewahi kupimwa? Wazee wetu walitembea kiasi gani kwa siku, na sisi je? Tukiwa kumi, tunaweza kwenda kituo cha afya siku moja pamoja?

Chagueni siku hiyo kabla hamjaachana.