Kipofu mbele ya ukurasa wa chuo

Kijana kipofu wa Masisi anataka kujiandikisha katika chuo kikuu kule Goma. Anashika simu yake. Ndani yake mna programu isomayo maandiko kwa sauti. Kwa kompyuta iko NVDA, ambayo Michael Curran na James Teh, vipofu wawili wa Australia, walianza kuitengeneza mwaka 2006, nayo haiuzwi. Sasa anafungua ukurasa wa chuo: kimya. Kwa nini? Kwa sababu tangazo lile lilipigwa picha, karatasi nzima na muhuri wake. Programu inatafuta herufi. Picha isiyoelezwa mara nyingi inaipita tu.

Dawa yake si ngumu. Tangazo liandikwe kwa herufi zenyewe, na kila picha iwekewe maneno machache ya kuieleza. Filamu iwe na maandiko chini kwa ajili ya viziwi. Tena jambo hili latugusa sisi sote wa Masisi na Walikale, ambako rezo ni dhaifu: maandiko ni mepesi, lakini picha hula mega za maskini bure.

Wala si huruma tu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 chawapa walemavu haki ya ulinzi wa pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imefuata.

Na sisi wenyewe, mara ngapi tumetuma tangazo la parokia kama picha ya karatasi? Tumwombe kwanza kipofu mmoja alijaribu. Ataona kosa upesi kuliko fundi.