Ziwa Chala: Jumapili ya baiskeli bila mzigo

Soko la Taveta hufurika Jumatano na Jumamosi. Siku hizo baiskeli ya mchuuzi hubeba mikungu ya ndizi au magunia, na mwenye nayo hana nafasi ya kutazama kando. Jumapili baiskeli hiyo hiyo, ikiwa tupu, inaweza kumfikisha mahali ambapo wengi wanaovuka mpaka wa Holili kila wiki hawajawahi kufika: Ziwa Chala, lililomo ndani ya shimo la volkano kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro.

Ukiwa barabarani huoni dalili yoyote ya maji. Kinachoonekana ni kilima cha nyasi kavu na vichaka, cha kawaida kabisa. Mtu hupanda hadi ukingoni, na hapo ardhi hukatika ghafla na ziwa likajitokeza chini, rangi yake ikibadilika kati ya bluu na kijani kadiri jua linavyosogea.

Kundi linaloanzia Taveta hushika barabara ya kaskazini iendayo Loitokitok. Mji wa Taveta uko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, uso wa ziwa uko karibu mita 880, na ukingo uko juu zaidi. Maana yake ni kupanda karibu njia nzima. Aliyezoea kusukuma gunia hatashtuka, lakini wa dukani atahema, na busara ni kwenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Wa Himo hufuata barabara ya Rombo kisha hukata kushuka mashariki kwa njia ya vumbi. Kwa pande zote mbili, pampu, viraka na gundi ni lazima, kwa kuwa miiba ya migunga haina huruma na tairi.

Juu ya kilima baiskeli huachwa, zikiwa na mtu wa kuzilinda, na safari huendelea kwa miguu. Kuta za shimo ni kali na kokoto huteleza, hivyo kandambili zibaki nyumbani. Wengine hutosheka kutembea ukingoni na kula chakula chao hukohuko juu, na hawakosi kitu kikubwa.

Wanaoshuka wajihadhari na maji. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 90, na kando yake huzama haraka. Mwaka 2002 msichana mmoja kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea humu. Kijana akisema anajua kuogelea, jibu liwe lile lile: asiingie.

Halafu kuna suala la mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulipitisha mstari katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, na leo mstari huo unapita ndani ya ziwa lenyewe. Mchuuzi wa Taveta akikaa ukingoni anaona ng'ambo upande wa wateja wake wa Rombo. Hakuna ukuta wala kizuizi kati yao, ila maji tu. Lakini kuzunguka ukingo kwenda kuwasalimia ni kuingia nchi nyingine bila muhuri, na ofisa atakayemkuta huko hatauliza kama alikwenda kutembea au kukwepa ushuru.

Kundi la mchanganyiko, Wakenya na Watanzania, lichague upande mmoja mapema. Wanaovuka wapite kituo cha pamoja kama siku ya kazi: anayekwenda Tanzania humaliza taratibu za nchi zote mbili Holili, anayeingia Kenya huzimaliza Taveta. Baiskeli nayo itajwe kwa watu wa forodha wakati wa kwenda, isije ikaonekana bidhaa wakati wa kurudi. Usumbufu huo ni wa kweli, hasa kwa safari ya siku moja, lakini mfanyabiashara ndiye mwenye cha kupoteza kuliko mtalii. Jina likiharibika mpakani Jumapili, Jumatano mzigo ndio unaokwama.

Na maji hayo yanamhusu kuliko anavyodhani. Hakuna mto wa kudumu unaoingia Chala wala unaotoka. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro, upande wa Tanzania, hupenya ardhini na kulijaza ziwa kwa chini. Maji ya mlima huo huo hulisha pia chemchemi za Taveta, upande wa Kenya, zinazonywesha mashamba ya ndizi. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa matope ya sakafu ya ziwa kwa zaidi ya mita 200, wakapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000. Humo majini yumo pia perege wa Chala, aina ambayo asili yake haiko kwingine duniani.

Kuondoka kuwe mapema alasiri. Tembo wa Tsavo hupita maeneo haya, na njia ya vumbi gizani si ya baiskeli isiyo na taa.